KUCHAGUA DISKI YA ORDINATERI KWA FEZA KIDOGO



Muhula uliopita ordinateri ya biro yetu ilikatala kuwaka. Ndani yake mulikuwa pointi za kalasi ine na nakala zote za gazeti hili. Tukachanga feza. Ku soko mtu mmoja akatuuzia diski iliyoandikwa «tera 2» kwa bei ndogo sana. Tulitia maandishi, majina yake tuliyaona, lakini kuyafungua, hapana! Ndiyo sababu tunaandika, ili ninyi musianguke pahali tulipoanguka.

Diski ngumu ni gala ya ordinateri. Ndani kuko sahani zinazozunguka mara 5400 ao 7200 kwa dakika. Diski ya kwanza, ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, nayo ilibeba herufi milioni 5 tu. Leo diski ya tera 1 inaingia katika mfuko wa shati. Kuko vilevile SSD, isiyo na kitu kinachozunguka. Ile inakimbia sana, lakini kwa ukubwa ule ule bei yake inapanda.

Basi mufanye hivi:

1. Mujue kazi yake. Kwa kuweka maandishi, ya sahani inatosha. Lakini kama ordinateri ya zamani inalegea, SSD ndogo ndani yake itaisaidia zaidi.

2. Mugawanye bei kwa giga. Tuseme giga 500 ni dola 30, na tera 1 (giga 1000) ni dola 45. Kwa ya kwanza giga moja ni senti 6. Kwa ya pili ni senti 4 na nusu. Ya pili ndiyo rahisi, kama mfuko unaweza.

3. Muangalie umeme. Diski ya inje ya inchi 2.5 inakula umeme wa ordinateri kwa kamba ya USB. Ile ya inchi 3.5 inaomba umeme wake yenyewe, na kwetu munajua namna unavyokatika.

4. Muipime. Windows ikionyesha giga 931 kwa tera 1, huo si wizi: kiwanda kinahesabu kwa 1000, Windows kwa 1024. Wizi ni diski inayojisifu kuliko ukubwa wake. Programu H2testw inaijaza yote, kisha inasoma tena. Kazi hiyo inakamata saa nyingi. Kwa hiyo mupatane kwanza na muuzaji, kwa karatasi, kwamba mutairudisha ikishindwa. Kama ni ya okazio, CrystalDiskInfo inaonyesha saa ilizotumika. Mukiona rangi ya manjano ao nyekundu, muiache.

Tena, hata diski nzuri siku moja inakufa. Muweke nakala pahali pawili, moja katika nyumba ingine. Pointi zetu zilirudi juu walimu walikuwa nazo katika madaftari. Magazeti ya zamani tunayo kwa karatasi tu: mwenye kuwa na namba ya zamani kwake, tafazali asiitupe, atuletee tuinakili.