Sarajevo Twaijua, Longido Je?

Mwulize mwanafunzi wa sekondari hapa Kitengela vilipoanzia Vita vya Kwanza vya Dunia, naye atakujibu bila kusita: Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914. Huenda akakutajia na jina la mwanamfalme aliyepigwa risasi siku hiyo. Sasa mwulize yaliyotukia mwaka uo huo kati ya Kajiado na Namanga, uone atakavyokodoa macho. Simlaumu mtoto huyo. Anajua alichofundishwa. Hoja yangu leo ni kwamba tumemfundisha vita vya mbali na kumnyima vile vilivyopita mlangoni pake.

Mwaka 1914 uliikuta Kajiado ikiuguza jeraha bichi. Kwa mkataba wa 1911, Wamaasai wa Laikipia waliamriwa kuhama na mifugo yao ili mashamba yao wapewe walowezi. Walisukumwa hadi hifadhi ya kusini, yaani nchi ambayo leo ni kaunti za Kajiado na Narok. Legalishu na wenzake walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 kesi yao ilitupwa, kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya mataifa, na kwa hiyo mahakama ya kikoloni haikuwa na uwezo wa kuiamua. Hebu mwanafunzi apime mantiki hiyo: Wamaasai walihesabiwa taifa la kigeni walipodai haki, lakini walipoamriwa kuhama walitakiwa watii kama watawaliwa.

Kabla jeraha hilo halijakauka, vita vikaingia. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 ulikuwa umekwisha kuyakata malisho ya Wamaasai vipande viwili. Agosti 1914 mstari huo ukageuka uwanja wa mapigano. Tarehe 15 mwezi huo Wajerumani waliiteka Taveta. Reli ya Magadi, iliyokuwa ingali ikijengwa, iliwaleta askari wa Kiingereza hadi Kajiado, kisha wakashika njia ya Bissil na Namanga. Tarehe 3 Novemba, askari kutoka India pamoja na walowezi wapanda farasi waliwashambulia Wajerumani katika mlima Longido, ng'ambo ya mpaka. Walishindwa, wakarudi Namanga. Siku zizo hizo wenzao walikuwa wakishindwa vibaya kule Tanga. Ni mwezi Machi 1916 ndipo jeshi kubwa lilipotoka Longido kuuzunguka mlima Kilimanjaro, huku Jenerali Smuts akipitia upande wa Taveta.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Kwa mfugaji wa Kajiado, nyasi hizo hazikuwa za methali. Ndizo zilizokuwa uhai wa ng'ombe wake, na mpaka ulipojaa bunduki, ndugu wa upande wa pili alihesabiwa raia wa adui. Mwaka 1918 serikali ilipotaka kuwaandikisha vijana wa Purko jeshini kwa nguvu, walikataa. Huko Ololulunga, katika Narok ya leo, askari waliwafyatulia risasi. Hao Purko ndio hasa waliokuwa wamehamishwa kutoka Laikipia.

Jamii nyingine zilionja uchungu kwa namna yake. Wakamba, Waluo, Wakikuyu na wengine wengi walikusanywa kuwa wapagazi wa jeshi. Katika upande wa Waingereza pekee, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zingali zinabeba jina la kikosi chao.

Sasa tazama darasa la Kitengela. Mtoto wa Kimaasai ameketi kando ya mtoto wa Kikamba na wa Kiluo. Huenda babu wa babu zao wote waliguswa na vita vile, nao hawajui kwamba wana historia moja. Je, kuna somo la umoja lipitalo hilo?

Najua nitakachoambiwa: mtihani hauulizi habari hizo. Lakini mtihani huuliza ukoloni, upinzani na vita vya dunia, na yote matatu yako hapa. Mwalimu hahitaji kibali kuning'iniza ramani na kuchora mstari wa 1886, wala kuwatuma wanafunzi kwa wazee. Walioshuhudia hawapo tena, ila wapo wajukuu waliosimuliwa nao, na umri wao umekwenda. Nayo mashamba ya Kitengela yanagawanywa na kuzungushiwa nyua kila uchao. Mahali panapobadilika upesi hivyo, kumbukumbu isiyoandikwa haidumu.

Sarajevo ifundishwe, tena ifundishwe vyema. Lakini mwanafunzi wa Kajiado ana haki ya kujua kwamba risasi ile ilisikika hadi Longido.