Kabati la Kijani Kwenye Kona ya Mtaa

Ukitoka kwangu kwenda kituo cha basi, kwenye kona kuna makabati mawili ya kijani. Moja ni la zamani, fupi, rangi imebabuka. Jingine ni kubwa zaidi, lina matundu ya hewa, na ukilisogelea usiku unasikia feni ikivuma ndani. Miaka sita nimepita hapo, alfajiri nikiwahi zamu na usiku nikirudi nimechoka, bila kujiuliza lina nini. Mwaka jana ndipo nilipolazimika kujiuliza, na sababu ni mama mkwe wangu.

Wengi wetu tuliokulia Tanga, Mombasa au Kigoma hatukuwa na waya wa simu nyumbani. Simu ya mezani ilikuwa ya ofisini au ya jirani mwenye uwezo, na sehemu nyingine nyaya zenyewe zilikatwa na wezi wa shaba. Tukarukia moja kwa moja kwenye simu ya mkononi na bando. Basi tukifika Uingereza tunakuta tundu la simu ukutani, tunachomeka ruta, tunalipa kila mwezi, imetosha. Ya waya tunawaachia wenyewe.

Na wenyewe walikuwa na tatizo lao. Karibu kila nyumba ina jozi ya nyaya nyembamba za shaba zilizowekwa zamani kwa ajili ya kuongea tu. Intaneti ilipokuja, ikapitishwa kwenye nyaya hizohizo kutoka kituo cha simu, ambacho huenda kiko kilomita tatu au nne kutoka kwako. Hata kwa aliyekaa jirani na kituo, mwisho wake ulikuwa megabiti 24 kwa sekunde. Aliye mbali alipata mbili, tatu, na dua.

Kufukua barabara hadi kila mlango ni gharama kubwa na kazi ya miaka. Mafundi wakachukua njia ya kati: wakaleta faiba, ule uzi wa kioo unaobeba mwanga, hadi kwenye kona ya mtaa, na pale wakaweka mashine ndogo ndani ya kabati. Mafundi huiita DSLAM. Upande mmoja inapokea mwanga kutoka kituoni, upande wa pili inasukuma intaneti kwenye nyaya za shaba za mtaa. Ndiyo maana makabati ni mawili: lile kuukuu ndimo nyaya za nyumba zetu zinamokutania, lile jipya ndimo ilimo mashine, na kati yao kuna kebo fupi chini ya ardhi. Majaribio ya mwanzo yalifanyika mwaka 2009 Muswell Hill, kaskazini mwa London, na Whitchurch kule Cardiff. Kasi ikapanda hadi megabiti 80 za kupokea na 20 za kutuma.

Hizo 20 za kutuma ndizo zilizotufaa sisi zaidi kuliko tulivyojua. Zamani ulikuwa unampigia mama simu ya video, wewe unamwona vizuri, yeye analalamika kwamba umeganda mdomo wazi. Kosa halikuwa la bando lake. Laini yako ilikuwa inapokea vizuri lakini inatuma kwa shida, haifikii hata megabiti moja na nusu.

Sasa sikiliza hili, maana ndipo watu wanapolipia wasichokipata. Waya wa shaba ni kama ukumbi mrefu wa wodi. Ukimwita mwenzako kwa sauti nzito, atakusikia hadi mwisho. Ukipiga filimbi nyembamba sana, inapotelea njiani. Kasi kubwa inatumia mawimbi ya juu, yale membamba, na hayo hufa upesi kwenye shaba. Aliye mita mia mbili kutoka kwenye kabati anaweza kuzipata zile 80 au karibu yake. Aliye kilomita moja mara nyingi hubaki na takriban theluthi. Na umbali wenyewe ni wa waya, si wa miguu. Waya unaweza kuzunguka mitaa miwili kabla ya kukufikia. Walipotoa kifaa cha kasi zaidi, kisanduku cha kubandikwa ubavuni mwa kabati chenye uwezo wa hadi megabiti 330, waliofaidi ni walio ndani ya mita mia tatu hivi.

Mimi niko karibu na kabati, lakini nilikuwa napata megabiti 11. Nilibishana na kampuni miezi miwili. Fundi alipokuja, kijana mpole, hakugusa hata ruta. Alifuata waya kwenye ukingo wa sakafu hadi chumbani, akakuta mwenye nyumba wa zamani aliunganisha matundu matatu ya ziada kwa waya hafifu, na simu moja kuukuu imechomekwa bila kichujio, kile kidude cheupe kinachotenganisha sauti na intaneti. Akakata, akahamishia ruta kwenye tundu kuu pale waya unapoingia nyumbani. Ikapanda hadi 62. Nilimpikia chai ya maziwa na sikuwa na cha kusema. Kwa hiyo kabla ya kugombana na mtu, chomeka ruta kwenye tundu kuu, jaribu, ndipo upige simu.

Nirudi kwa mama mkwe. Ni mtu wa Mombasa, ana miaka 76, anakaa peke yake kwenye fleti ya chini, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kwetu. Hataki kuhamia kwetu. Anasema nyumba yetu ina kelele, na ana haki. Shingoni huvaa kidude cha dharura alichopewa na halmashauri. Akianguka anabonyeza, kisanduku kilicho mezani kinapiga simu, na mtu anaongea naye. Kisanduku hicho kilikuwa kimechomekwa kwenye tundu la simu ukutani.

Ikaja barua kwamba laini yake inaboreshwa. Aliiweka kwenye droo pamoja na barua nyingine zote za Kiingereza. Intaneti haikukatika hata siku moja, aliendelea kuongea na dada zake Kisauni kila jioni, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Jioni moja akateleza jikoni. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena na tena. Alikaa sakafuni karibu saa tatu, mgongo kwenye friji, akivuta uradi, hadi mume wangu alipompelekea chakula. Nyonga haikuvunjika, alhamdulillah. Lakini mimi ni muuguzi. Najua saa tatu kwenye sakafu ya baridi zinamfanyia nini mtu wa umri ule: ngozi, misuli, figo. Na najua ni mimi niliyetakiwa kuisoma ile barua.

Kilichotokea ni hiki. Intaneti yake iliendelea kupita kwenye waya uleule wa shaba na kabati lilelile la kona. Ila huduma ya simu ya zamani, iliyotoka kituoni na umeme wake mdogo, ilizimwa, na simu yake ikahamishiwa kwenye ruta. Tundu la ukutani likabaki na intaneti tu, bila mlio wa simu. Kisanduku cha dharura kilikuwa kinapiga simu kwenye laini iliyokufa.

Halikuwa jambo la mama mkwe peke yake. Desemba 2023, baada ya visa vizito vya watu ambao vidude vyao havikufanya kazi, kampuni za simu hapa zilikubaliana na serikali kusitisha kwa muda kuwahamisha wateja bila ridhaa yao. Siku ya kuzima mtandao wa zamani, iliyokuwa mwishoni mwa 2025, ikasogezwa hadi 31 Januari 2027. Hiyo ni tarehe ya kuandika kwenye kalenda ya jikoni kama una mzee Uingereza mwenye simu ya mezani.

Jambo la pili ambalo hakuna aliyetueleza ni umeme. Simu ya zamani ilifanya kazi hata taa zikizimika, kwa sababu ilikula umeme wa kituoni kupitia waya. Ruta inakula wa nyumbani. Ukikatika, simu imekwenda, hata kama kabati la kona lina betri yake. Sheria za Ofcom zinataka kampuni impe mteja asiye na njia nyingine ya kupiga simu ya dharura kifaa kitakachomwezesha kupiga kwa angalau saa moja umeme ukikatika, na aliye hatarini kwa kutegemea simu ya mezani anapewa bure. Lakini lazima aseme. Mama mkwe hakusema, maana hakuulizwa kwa lugha anayoisikia vizuri. Tulipiga simu mara tatu, mara ya tatu nikatumia sauti yangu ya kazini, na betri ikaja kwa posta siku chache baadaye.

Halmashauri nayo ikabadilisha kisanduku. Cha sasa kina laini ya simu ya mkononi ndani yake, hakihitaji waya wala ruta. Yule fundi wa halmashauri alitaka kuondoka baada ya kuwasha taa ya kijani. Nikamwomba akae. Nikamwambia mama abonyeze.

Mama alikataa kwanza, akasema ni kuwasumbua watu bure. Kisha akabonyeza, na mwanamke mmoja akamwita kwa jina lake kutoka mezani. Akamwambia yuko salama, ni mkamwana wake tu mwenye wasiwasi.

Sasa tunajaribu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya chakula cha mchana. Mjukuu mdogo ndiye anayekumbusha, kwa sababu anapenda kuisikia ile sauti. Na barua zote za bibi, za simu na za hospitali, zinapita kwangu kabla ya kuingia kwenye droo.