AFYA: Mwili unapoishambulia tezi yake wenyewe

HUANZA kwa kunyatia. Mwanamke aliyezoea kurauka alfajiri hujikuta akishindwa kutoka kitandani. Usingizi haumtoshi, sweta haimtoki mwilini hata jua linapowaka, na unene unamwandama ilhali chakula chake ni kile kile. Nywele zinabaki kwenye kitana, ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu na hedhi inavurugika.

Nyumbani anaitwa mvivu. Kazini anaonekana mzembe. Wapo watakaomnong'oneza kwamba amerogwa, na wapo, baadhi yao wakiwa wahudumu wa afya, watakaomwambia ni msongo wa mawazo au ni umri tu.

Aghalabu hupita miezi, pengine miaka, kabla ya mtu kuwazia kuipima tezi yake ya thairoidi.

Tezi hii ndogo yenye umbo la kipepeo iko sehemu ya mbele ya shingo, chini ya koromeo. Hutumia madini ya iodini kutengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nishati kwa kasi gani. Moyo, matumbo, ubongo, misuli na hata joto la mwili hutegemea homoni hizo. Zinapopungua, kila kiungo hujikokota.

Katika maradhi tunayoyazungumzia, adui hatoki nje. Ni kinga ya mwili yenyewe, askari aliyewekwa kulinda boma, inayoigeukia tezi na kuibomoa polepole. Mara nyingi ugonjwa huu huitwa Hashimoto, kwa jina la Hakaru Hashimoto, daktari wa Japani aliyeeleza mwaka wa 1912 hali ya wanawake wanne waliokuwa na tezi zilizovimba. Hakujua chanzo chake. Ilibidi kusubiri hadi mwaka wa 1956, watafiti wa London walipogundua katika damu ya wagonjwa wa aina hiyo kingamwili zilizokuwa zikiishambulia tezi yao wenyewe.

Wanawake huugua mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na ugonjwa hutembea katika koo. Mwenye mama au dada anayeugua, au mwenyewe akiwa na maradhi mengine ya kinga kama vile mbalanga au kisukari cha utotoni, hana budi kuwa macho.

Hapa pana dhana moja inayowapotosha wengi. Tangu jadi rovu, yaani uvimbe wa shingo, lilihusishwa na ukosefu wa iodini, na hiyo ndiyo sababu chumvi inayouzwa madukani humu nchini hutiwa madini hayo. Kwa hivyo mtu akisikia neno tezi, hukimbilia kuongeza chumvi chakulani. Lakini mgonjwa wa Hashimoto hakukosa iodini. Kumzidishia, hasa kwa vidonge na unga wa mwani unaosifiwa kuwa tiba ya tezi, kwaweza kumzidishia ugonjwa.

Vivyo hivyo, wapo wanaokatazwa kabeji, sukuma wiki na mihogo. Vyakula hivyo vikiliwa kwa kiasi cha kawaida, vikiwa vimepikwa vyema, havina neno kwa mtu anayetumia dawa yake. Kumnyima mgonjwa sukuma wiki ni kumwonea bure.

Kuutambua ugonjwa si kazi kubwa. Kipimo cha damu kiitwacho TSH ndicho cha kwanza, ingawa majibu yake huwatatiza wagonjwa kwa sababu husomwa kinyume. TSH hutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, nayo ni mithili ya msimamizi wa shamba: kibarua akizembea, msimamizi hupaza sauti. Kwa hivyo TSH ikipanda, maana yake thairoidi imelegea. Kwa mtu mzima, kiwango cha kawaida huwa baina ya 0.4 na 4 hivi, japo maabara hutofautiana kidogo. Daktari aweza pia kupima homoni yenyewe na zile kingamwili.

Tahadhari moja: vidonge vya kurembesha nywele na kucha, vyenye vitamini iitwayo bayotini, vyaweza kupotosha majibu ya maabara. Anayevitumia amwambie daktari kabla ya kutolewa damu.

Kisha huja tiba. Mwaka wa 1891, daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mgonjwa wake maji yaliyokamuliwa kutoka kwa tezi ya kondoo. Mama huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 46, aliishi miaka mingine 28. Siku hizi hatuhitaji kondoo. Homoni hutengenezwa kiwandani kwa jina la levothairoksini, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni ile ile ambayo mwili ungejitengenezea, kwa hivyo si dawa ngeni wala si sumu kama wengine wanavyodhani.

Kinachowashinda wengi si dawa yenyewe bali jinsi ya kuimeza.

Levothairoksini hunywewa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kiamshakinywa. Nasi Wakenya tunajijua. Macho yakifumbuka tu, mkono unatafuta chai ya maziwa. Mgonjwa hutia kidonge kinywani na kukisukuma kwa chai hiyo hiyo, kisha baada ya miezi mitatu hushangaa kwamba hajapata nafuu. Chai, kahawa, maziwa na vyakula vya soya huzuia dawa kuingia kwenye damu ipasavyo. Vidonge vya madini ya chuma, vya kalisi na vya kupunguza asidi tumboni navyo huitatiza, hivyo vya chuma na kalisi vitengwe nayo kwa saa nne.

Anayeshindwa kabisa kungojea asubuhi aweza kuimeza usiku anapokwenda kulala, iwapo saa tatu au zaidi zimepita tangu chajio. La muhimu ni kushika wakati mmoja. Leo asubuhi, kesho usiku, kesho kutwa kusahau, huo si utaratibu.

Subira nayo yahitajika. Dawa hii hukaa mwilini kwa muda mrefu. Baada ya siku saba bado karibu nusu yake imo katika damu. Ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane, wala si baada ya siku kumi. Wazee na wenye maradhi ya moyo huanzishiwa dozi ndogo, kwani kuuharakisha moyo uliozoea mwendo wa pole ni hatari. Mwenye kujiongezea dozi ili apungue unene hujitafutia mapigo ya moyo ya kasi na mifupa dhaifu.

Kosa kubwa zaidi huja baadaye, mgonjwa anapopata nguvu, anapopungua uvimbe wa uso, anaporudi shambani na sokoni. Hapo husema amepona, au huambiwa amepona, naye huacha dawa. Lakini ile nafuu ndiyo kazi ya kidonge. Tezi iliyobomolewa aghalabu haijengeki tena, na kwa walio wengi dawa hii ni ya maisha. Na kwa kuwa dawa hutoka mwilini taratibu, aliyeiacha huhisi vyema kwa wiki kadhaa na kuamini kwamba alifanya vizuri. Anayeendelea kuikosa kwa muda mrefu, kisha akapatwa na homa ya mapafu au baridi kali, aweza kuzimia mwili ukiwa baridi na moyo ukipiga polepole. Baadhi ya wafikao hapo hufa.

Hakuna mahali ambapo uzembe huu hugharimu zaidi ya katika uja uzito. Katika miezi ya kwanza mtoto hana homoni zake. Ubongo wake hukua kwa homoni za mama. Mahitaji ya mama hupanda kwa robo hivi, mapema sana, mara nyingi kabla hajafika kliniki. Wataalamu wengi humwagiza mgonjwa mapema kwamba akijua tu ameshika mimba, ameze vidonge viwili zaidi kwa wiki, kisha aende kupimwa. Upungufu usiotibiwa huongeza hatari ya mimba kuharibika. Na huko kliniki atapewa vidonge vya chuma: asivimeze pamoja na levothairoksini. Anayenyonyesha aendelee na dawa bila wasiwasi.

Kuna ndugu wa ugonjwa huu, uitwao Graves, ambapo kingamwili haziibomoi tezi bali huichochea. Mgonjwa hukonda, hutetemeka, hutokwa jasho, moyo humwenda mbio na macho huweza kutokeza. Rais wa zamani wa Marekani, George H. W. Bush, na mkewe Barbara, wote wawili waliugua. Hutibiwa kwa dawa kama kabimazoli, kwa iodini ya mnururisho au kwa upasuaji. Anayetumia kabimazoli akipata homa na maumivu ya koo, aiache na kwenda hospitalini siku hiyo hiyo kupimwa damu, kwani mara chache dawa hiyo huangamiza chembe nyeupe.

Wasomaji wanaofunga Ramadhani huuliza wafanyeje. Levothairoksini yaweza kumezwa nusu saa kabla ya daku, au usiku saa tatu baada ya kula mara ya mwisho. Kuimeza pamoja na futari, katikati ya uji na tende, ni kuitupa.