Kompyuta ya Kikundi: Tuanze Kuandika Programu kwa Linux

Siku hizi si ajabu kukuta kompyuta katika ofisi ya kikundi. Pengine ililetwa na mfadhili, pengine kijana wa mmoja wenu alinunua mpya mjini akawaachia ile kuukuu. Mara nyingi imefunikwa kitambaa, inangoja barua moja kwa mwezi. Inaweza kufanya kazi ya maana zaidi: kupiga hesabu za mikopo kwa kanuni ambayo wanachama wenyewe wameiandika na wanaweza kuisoma.

Kila kompyuta ina programu kuu inayoendesha mashine. Inayojulikana sana ni Windows ya kampuni ya Microsoft. Mnamo Oktoba 2025 kampuni hiyo ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Hapo ndipo Linux inapotufaa. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, nchini Finland. Tangu 1992 imetolewa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili, kuisoma ndani na hata kuibadilisha. Watu wengi wa nchi nyingi wameichangia kazi yao, kama harambee. Hakuna ada ya leseni.

Linux ziko za aina nyingi. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, jina lake mnalielewa bila mkalimani. Kwa mashine kuukuu Linux Mint ya aina ya Xfce ni nyepesi; memori ya GB 2 yatosha, ingawa 4 ni afadhali. Mtafuteni mtu anayejua awawekee, lakini kwanza nakilini barua na orodha zenu zote kwenye flashi. Kuweka Linux kunaweza kufuta kila kitu kilichokuwamo.

Sasa, kuandika programu ni nini? Ni kuipa kompyuta maagizo, moja baada ya jingine. Mkimtuma mtoto dukani akute sukari imekwisha, atatumia akili yake arudi kuuliza. Kompyuta haina akili hiyo. Hufanya lile lililoandikwa, hata kama ni upuuzi.

Lugha nyepesi ya kuanzia ni Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Kwa kawaida huja ndani ya Ubuntu na Mint, hivyo mnaweza kuanza bila intaneti. Maneno yake machache ni ya Kiingereza, lakini majina ya vitu mnajichagulia, nayo yaweza kuwa ya Kiswahili.

Bonyezeni vitufe vya Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Litafunguka dirisha la maagizo. Wengine huliogopa kwa sababu halina picha, lakini halina ubaya wowote. Andikeni:

python3

kisha kitufe cha Enter. Mkiona alama >>> mjue Python inawasikiliza. Tuseme wanachama ni 20 na kila mmoja huweka shilingi 200 kwa juma. Nyota ndiyo alama ya kuzidisha:

20 * 200

Mkibonyeza Enter, jibu ni 4000. Kutoka, andikeni exit() na Enter. Lakini hesabu hii hata kikokotoo kidogo cha dukani kinaiweza. Faida iko katika maagizo yanayohifadhiwa kwenye faili, yakatumika leo na mwaka kesho.

Tengenezeni mahali pa kuyaweka, kwa mistari hii mitatu, kila mmoja na Enter yake:

mkdir kikundi
cd kikundi
nano mkopo.py

Wa kwanza unatengeneza sehemu iitwayo kikundi, wa pili unaingia humo, wa tatu unafungua ukurasa mweupe wa kuandikia.

Kabla hamjaandika neno, ngojeni. Katika ugomvi mwingi wa vikundi nilioupatanisha, hakuna aliyekuwa ameiba. Watu walikuwa wanahesabu riba kwa njia mbili tofauti, kila mmoja akiamini ndiyo ya kikundi. Katiba inasema tu "riba ni asilimia 10 kwa mwezi." Ya nini? Ya mkopo wote, au ya deni lililobaki?

Tuchukue mama aliyekopa shilingi 6000, analipa 2000 kila mwezi pamoja na riba. Tukihesabu kwa deni lililobaki, mwezi wa kwanza riba ni 600, wa pili 400, wa tatu 200. Jumla 1200. Programu yake ni hii:

salio = 6000
jumla = 0
while salio > 0:
    riba = salio * 10 / 100
    jumla = jumla + riba
    salio = salio - 2000
print(jumla)

Neno while lina maana ya "maadamu": maadamu salio limezidi sifuri, rudia mistari mitatu iliyosogezwa ndani. Kila mmoja wa hiyo mitatu uanze na nafasi nne, maana nafasi zisipolingana Python inaweza kukataa. Neno print linaonyesha jibu. Hifadhini kwa Ctrl na O, kisha Enter, mtoke kwa Ctrl na X. Kuiendesha:

python3 mkopo.py

Litatokea 1200.0. Hiyo nukta na sifuri isiwasumbue, ni desturi ya Python ikigawanya.

Haya, sasa fungueni tena faili, na katika mstari wa riba badilisheni neno salio liwe 6000. Hifadhini, endesheni. Jibu ni 1800.0. Neno moja limebadilika, na yule mama amedaiwa shilingi 600 zaidi! Kompyuta haikulalamika mara zote mbili, maana haijui katiba yenu. Na aliyechelewa mwezi mmoja je? Programu hii haina habari naye. Inadhani kila mtu analipa 2000 bila kukosa. Hilo lijadiliwe mkutanoni, liandikwe katika kumbukumbu, ndipo liingie kwenye programu.

Kwa sababu hiyo sipendi kazi hii iachiwe kijana mmoja, hata awe hodari namna gani. Wajifunze watu watatu, na mweka hazina awe mmoja wao. Mistari saba hii ichapishwe kwenye karatasi na kusomwa mbele ya wanachama, kama mnavyosoma hesabu za benki. Asiyejua kompyuta anaweza kabisa kuuliza, "Huo mstari wa nne unasemaje?"

Mtakosea, na si neno. Mkiandika "rba" badala ya "riba", Python itasimama na kutaja nambari ya mstari wenye shida. Uangalieni huo, na ule ulio juu yake. Mkisahau mstari wa kupunguza salio, itazunguka bila kikomo. Bonyezeni Ctrl na C, itaacha.

Daftari la mkono lisitupwe, maana stima hupotea. Kwa miezi mitatu ya kwanza pigeni hesabu kwa njia zote mbili. Zikitofautiana, msimdai mwanachama yeyote hadi mjue ni mstari upi, au ni ukurasa upi wa daftari, uliokosea.