Toleo Jipya Halifungi Pengo

"Kaka, una toleo jipya la Premiere uniwekee kwenye fleshi?"

Swali hili naulizwa karibu kila wiki hapa Manzese, na uvumilivu wangu umeanza kuisha. Wanaolileta ni vijana wenye kamera nzuri, wanaopiga harusi, sendofu na kipaimara, waliokwisha kupokea malipo ya awali na sasa wanadaiwa video. Hawaulizi namna ya kukata. Wanauliza toleo. Wameambiwa kwamba mwaka huu zimeongezwa zana mpya za taimlaini, na wanaamini wakizipata kazi itakwenda mbio.

Jumamosi iliyopita alikuja mmoja, laptop begini, ameshuka mwendokasi hapa Barabara ya Morogoro huku simu ya mteja ikiita mfukoni. Sendofu ya saa sita, kamera mbili, sauti imerekodiwa kutoka kwenye mikisa ya DJ. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kabla ya toleo, nionyeshe unavyokata." Akafungua hotuba ya baba wa bibi harusi. Mzee anaanza kuongea, kipaza sauti kinakata, mshereheshaji anakuja: haloo, haloo, moja mbili. Kipande hicho kitoke.

Nilikaa nyuma yake nikahesabu. Akachukua zana ya wembe. Akabofya mwanzo wa kipande, akabofya mwisho wake. Akarudi kwenye mshale wa kuchagulia. Akakichagua kipande, akakifuta. Likabaki pengo jeusi. Akaipunguza taimlaini mpaka yote ionekane, akazungushia kisanduku klipu zote zilizo kulia, akazivuta kushoto, akaikuza tena kuangalia kama zimegusana. Hazikugusana, zilipishana kwa fremu tatu. Hatua kumi kwa haloo moja, na hotuba ile peke yake ilikuwa na sehemu zaidi ya arobaini za kutoa. Hapo ndipo zilipokwenda siku tano alizokwisha kutumia kwenye kazi hiyo, si kwenye toleo.

Sasa tulimalize hili la toleo, maana limepoteza muda na pesa za watu wengi mno.

Mwaka 2003 ilitoka Girlfriend, filamu ambayo haikosi kutajwa watu wakizungumzia chimbuko la Bongo Movie. Mwaka huohuo Adobe walitoa Premiere Pro ya kwanza. Kwenye kisanduku chake cha zana mlikuwamo zana za kukatia ziitwazo ripo, rolingi, slipu na slaidi, zote nne. Kijana aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima, anapokea kazi za watu, na bado anasubiri zana hizo zije na toleo lijalo, ilhali ziko pembeni mwa kioo chake tangu siku ya kwanza alipofungua programu. Hajazigusa.

Mwaka 2003 huohuo ilitoka Cold Mountain ya Hollywood. Aliyeihariri ni Walter Murch, kwa Final Cut Pro, programu iliyokuwa ikiuzwa chini ya dola 1,000, kwenye kompyuta za Macintosh za kununua dukani. Akateuliwa kuwania Oscar ya uhariri. Mashine zile ukiziweka leo kando ya laptop ya yule kijana, laptop yake inazishinda kwa mbali. Murch alikuwa anajua kipande kianzie fremu ipi na kiishie ipi, na mkono wake uliifikia fremu hiyo bila kuhangaika. Hakuna toleo linaloweza kukufanyia hilo.

Sisemi matoleo mapya hayana kitu. Mwaka 2023 Premiere Pro iliongezewa uhariri kwa maandishi: programu inaandika maneno yaliyosemwa, nawe ukifuta sentensi, picha yake nayo inafutika. Kwa mwenye mahojiano marefu ni msaada mkubwa. Lakini ukishafuta sentensi, mpaka wa klipu bado utakuwa umekata pumzi ya msemaji katikati, na utakaporudi kuurekebisha utatumia zana zilezile za 2003.

Kuna wanaoniambia wanataka toleo jipya kwa sababu video inakwamakwama. Hili nalo halitibiwi hivyo. Kamera na simu zenu zinabana picha kwa H.264 au HEVC. Katika ubanaji huo, fremu chache tu ndizo zinazohifadhiwa nzima. Zinazofuata huandikwa mabadiliko tu, nini kimesogea na nini kimebaki. Ukirusha kielekezi, yaani ule mstari wa wima unaotembea video inapocheza, katikati ya klipu, mashine inalazimika kurudi kwenye fremu nzima iliyo karibu na kuijenga upya picha mpaka ifike ulipo. Ukikata, ukirudi, ukisogeza, inaijenga tena. Hapo ndipo inapokwama. Toleo jipya linadai kumbukumbu zaidi ya lile la zamani, kwa hiyo kwenye laptop yenye RAM ya GB 8 umeuongeza mzigo huku ukidhani umeupunguza. Dawa yake ni proksi: unaiagiza programu itengeneze nakala nyepesi za klipu zako, unahariri kwa hizo, na wakati wa kutoa kazi, yenyewe inarudi kwenye picha halisi. Premiere Pro inafanya hivyo tangu 2016. Acha mashine itengeneze proksi usiku, asubuhi ukae ukate.

Halafu toleo lenyewe mnalichukua wapi? Kwenye fleshi, limevunjwa, na maelekezo ya kwanza ni kuzima kinga ya virusi. Unaizima kwa mkono wako mwenyewe, unabofya faili la mtu usiyemjua, kwenye kompyuta ileile iliyobeba harusi tatu za watu. Virusi vya STOP, viitwavyo pia Djvu, husambaa hasa kwa njia hiyo, ndani ya programu zilizovunjwa. Vikiingia vinafunga mafaili yote kwa ufunguo ambao huna, kisha vinakuachia barua ya kudai pesa. Sendofu hairudiwi. Keki imeliwa, ukumbi umekodishwa kwa wengine, babu aliyekuja kutoa baraka amesharudi Bukoba. Utamwambia nini mteja? Na wengi wa wanaoniomba programu iliyovunjwa ndio haohao wanaolalamika filamu na nyimbo zao zinauzwa bila idhini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda filamu, inalinda wimbo, na inalinda programu ya kompyuta pia.

Ongezeni na hili: mradi uliohifadhiwa kwenye toleo jipya haufunguki kwenye la zamani. Mnashirikiana kazi, huyu anakata, yule anaweka rangi. Mmoja akipandisha toleo katikati ya kazi bila kuwaambia wenzake, wote mnakwama.

Tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Wengi wa vijana hawa walianzia CapCut kwenye simu. CapCut ilitoka 2020 na imewafundisha watu wengi kuhariri, siidharau. Lakini kwenye traki yake kuu, ukifuta kipande, vilivyobaki vinavutana na kugusana vyenyewe. Apple walifanya jambo la namna hiyo 2011 walipotoa Final Cut Pro X, na wahariri wakongwe wakapiga kelele dunia nzima. Mtu aliyekulia kwenye CapCut hajawahi kuliona pengo. Akihamia Premiere, ambako ukifuta kwa njia ya kawaida pengo linabaki palepale, anadhani programu ni mbovu au ya zamani. Kumbe pengo limeachwa makusudi, kwa sababu kuna siku utalihitaji: unapoweka picha ya ukumbi juu ya sauti ya hotuba, hutaki hotuba isogee hata fremu moja.

Ripo ndiyo zana ya kufupisha au kurefusha klipu na kulifunga pengo kwa mpigo mmoja. Kwenye Premiere Pro ni herufi B. Bora zaidi ni Q na W, ambazo zimo humo kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Kielekezi kikiwa popote, Q inaondoa kila kitu kuanzia mpaka uliopita hadi hapo, na W inaondoa kuanzia hapo hadi mpaka unaofuata. Pengo halibaki. Nikamrudisha kijana kwenye haloo ya pili. Nikamwambia achezeshe video, mshereheshaji anapotokea abonyeze Ctrl na K, mzee anapoanza tena kuongea abonyeze Q. Vibonyezo viwili, kipanya hakikuguswa. Akarudia sehemu iliyofuata, na iliyofuata. Hakusema neno mpaka hotuba ikaisha.

Kisha akasema jambo ambalo naamini ndilo kiini cha watu kuiogopa ripo: "Kaka, hii nilishawahi kuijaribu. Ikanivurugia, midomo ikaenda kivyake na sauti kivyake." Nilimwelewa. Wengi waliikimbia ripo siku ya kwanza kwa sababu hiyo, na hakuna aliyewaambia kisa. Pembeni mwa kila traki kuna alama ndogo inayoilazimisha traki isogee pamoja na wenzake. Ukiizima kwenye traki ya sauti, au ukaifunga traki kwa kufuli, ripo itavuta picha na kuiacha sauti ilipo. Yeye alikuwa ameifunga sauti ya mikisa kwa kufuli ili isiharibike. Nia nzuri, na ndiyo iliyoharibu. Hakikisha alama hizo zimewaka kwenye traki zote zinazokwenda pamoja, na kufuli ibaki kwenye muziki wa chini tu, ule ambao hautakiwi kuyumba.

Zilizobaki nazitaja haraka. Rolingi, herufi N, inasogeza mpaka kati ya klipu mbili bila kubadilisha urefu wa jumla; itumie unapotaka picha igeuke hasa pale ngoma inapodunda. Ukishikilia Alt ukasogeza mpaka wa picha peke yake, sauti ya klipu inayofuata inatangulia: vigelegele vinasikika mzee akiwa bado kwenye kioo, halafu ndipo tunawaona akina mama wenyewe. Watazamaji hawajui ulichofanya, ila wanajisikia wako ukumbini. Slipu, herufi Y, inabadilisha kilicho ndani ya klipu bila kuigusa mipaka yake. Umeweka sekunde tatu za mama wa bibi harusi, lakini kufuta chozi kunatokea sekunde moja baadaye. Iteleze klipu kwa ndani mpaka leso ifike jichoni. Slaidi, herufi U, inaisogeza klipu nzima kati ya jirani zake. Utaitumia mara chache.

Huna pesa ya Premiere? DaVinci Resolve ina toleo la bure, halali, linalotoa video safi mpaka Ultra HD na lina zana zote nilizotaja. Bonyeza T upate hali ya kupunguza klipu, na ukumbuke kwamba humo Delete inafunga pengo wakati Backspace inaliacha. Mashine dhaifu? Kdenlive, nayo bure. Kabla hatujaachana: klipu za simu ambazo sauti yake inachelewa kadiri video inavyosonga, zipitishe kwanza kwenye programu ya HandBrake na uchague mwendo wa fremu usiobadilika. Piga kwa fremu 25, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50 na taa nyingi za ukumbi zitatetema ukipiga kwa 30. Nakala mbili za kazi, kwenye diski mbili. Na J, K na L ni za kurudisha, kusimamisha na kuchezesha, karibu kwenye kila programu ya maana. Mkono wa kulia ukae hapo.

Kwa hiyo wiki hii usipakue kitu. Fungua programu uliyonayo kihalali, chukua dakika kumi za hotuba moja, ufiche wembe, na ukate zote kwa Q na W au kwa vibonyezo vinavyofanya kazi hiyo kwenye programu yako. Utaharibu mara ya kwanza. Tengua, uanze upya. Ukishamaliza hotuba tatu namna hiyo, njoo tuzungumze habari ya toleo.