Kikohozi: Maana Yake na Njia za Kukituliza

Mtu apitaye Shimanzi asubuhi, malori yakiwa yamejipanga mbele ya maghala, hakosi kusikia watu wakikohoa. Ukimwuliza hamali sababu yake, jibu lake ni fupi: "Ni vumbi tu." Mara nyingi husema kweli. Lakini jibu hilo hilo huweza kuficha maradhi ambayo, yasipotambuliwa mapema, humwua mwenyewe na kuwaambukiza watu wa nyumbani mwake.

Kwanza ijulikane ya kuwa kikohozi peke yake si ugonjwa, bali ni njia ya mwili kujilinda. Ndani ya njia ya pumzi mna utando wenye ute, na juu yake vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo husukuma ute kuelekea kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa humo. Kazi ikizidi nguvu zao, au utando ukiwashwa, mtu huvuta pumzi, koo hujifunga, misuli ya kifua na tumbo hukaza, kisha koo hufunguka ghafula na hewa hutoka kwa kishindo ikichukua makohozi. Kwa sababu hiyo si vema kukizuia kwa dawa kikohozi kinachotoa makohozi. Moshi wa sigara huviharibu vinyweleo hivyo, na ndiyo maana mvutaji huamka akikohoa.

Kikohozi cha mafua huweza kudumu hata majuma matatu, nacho huisha chenyewe. Dawa za antibiotiki hazikifai kitu, maana haziviui virusi viletavyo mafua. Nyumbani yatosha maji ya vuguvugu yenye ndimu na tangawizi, kusukutua koo kwa maji ya chumvi, na kulala kichwa kikiwa juu kidogo. Kijiko kidogo cha asali wakati wa kulala hutuliza koo vizuri. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe, kwani huweza kuwamo vijidudu vya sumu ilegezayo misuli hata ile ya kupumulia. Kumfukiza mtoto mvuke wa sufuria nako kuachwe. Wengi wameunguzwa kwa maji hayo.

Dawa ya maji ya kikohozi isinunuliwe kwa mchuuzi. Mwaka 2022 huko Gambia watoto wapatao 70 walikufa kwa kuharibika figo, na dawa za namna hiyo, zilizokutwa na kemikali zitumiwazo viwandani, ndizo zilizohusishwa na vifo hivyo. Hata iliyo safi humsaidia mtoto mdogo kidogo sana. Lililo muhimu kwake ni kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au mbavu zikibonyea ndani avutapo pumzi, apelekwe hospitali mara moja.

Sasa turudi kwa hamali wetu. Vumbi la nafaka, la majani ya chai na la saruji huwasha kifua kweli, na huweza kuleta pumu. Dalili yake ni kwamba kikohozi hupungua siku za mapumziko na kurudi akirudi kazini. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa, na barakoa ivaliwe ipasavyo, isining'inie kidevuni.

Lakini kikohozi kikitimiza majuma mawili, asiseme tena habari za vumbi kabla hajapimwa kifua kikuu. Na mwenye virusi vya ukimwi asingoje siku hizo, aende mara aanzapo kukohoa. Kukonda, homa za jioni, jasho la usiku na damu katika makohozi ni dalili zake, ingawa si lazima zionekane zote. Kijidudu chake kiligunduliwa na Robert Koch mwaka 1882. Zamani matibabu yalichukua mwaka na nusu au zaidi. Majaribio yaliyoanza mwaka 1970 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kwa ushirikiano na Waingereza, yakaonyesha kuwa miezi 6 yaweza kutosha. Katika hospitali na zahanati za serikali dawa hizo hutolewa bure. Wengi hujiona wazima baada ya miezi miwili wakaziacha. Hao huhatarisha kurudiwa na ugonjwa ambao dawa za kwanza haziuwezi tena.

Makohozi ya kupimwa hutolewa asubuhi, mtu aamkapo, kabla hajala kitu. Asukutue kinywa kwa maji, avute pumzi kwa nguvu mara mbili tatu, akohoe kutoka kifuani. Mate matupu hayafai. Atokee nje, mbali na watu, kisha afunge chombo vizuri na kukifikisha hospitalini siku ile ile.