"Listo": tayari, mwerevu au sawa?

Mfanyabiashara anayevuka daraja la Simón Bolívar kati ya Colombia na Venezuela huenda akalisikia neno hili kabla hajashusha mzigo: listo. Daraja hilo, lililo karibu na mji wa Cúcuta, lilifunguliwa tena kwa malori ya mizigo Septemba 2022 baada ya miaka kadhaa ya kufungwa. Hata barani kwetu neno hilo lipo, kwani Kihispania ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, jirani wa Kameruni na Gabon.

Listo ni kivumishi chenye maana mbili kubwa, na kinachoamua ni kitenzi kinachokitangulia. Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa": ser, cha kueleza mtu alivyo, na estar, cha kueleza hali aliyo nayo sasa. Es listo maana yake ni mwerevu. Está listo maana yake yuko tayari. Sisi tumezoea jambo hilo: "ni" huku, "yuko" kule. Mwingereza mwenye kitenzi kimoja tu hupata taabu zaidi. Lakini bahati yetu haifiki mbali. Sisi husema chakula "ni" kitamu, Mhispania husema está rico. Akisema es rico kuhusu mtu, anamaanisha tajiri.

Sasa fikiria unampigia simu mwenye ghala, unataka kujua kama yuko tayari kupakia. Ukiuliza ¿está listo?, atakujibu vizuri. Ukiuliza ¿es listo?, umemuuliza kama ana akili. Hata akicheka, usitegemee atakupunguzia bei.

Ukiulizia bidhaa zenyewe, sema ¿está lista la mercancía?, kwa "a" mwishoni, kwa kuwa mercancía ni nomino ya kike. Hati zikiwa tayari, los documentos están listos. Wenye ngeli kama sisi hatuna haki ya kulalamikia upatanisho wa wenzetu.

Penye hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni pale neno linaposimama peke yake. Colombia watu husema listo kila mara, kama sisi tunavyosema "sawa". Na sote tunaijua "sawa" ya kwenye simu! Unataja bei, mwenzako anajibu listo. Huenda amekubali, huenda amekusikia tu na anataka kuendelea na mazungumzo. Usitume pesa wala lori kwa neno hilo moja. Uliza: ¿cerramos en ese precio?, yaani tunafunga kwa bei hiyo? Kisha mwombe akuandikie kiasi na idadi.

Upo pia msemo pasarse de listo, kuzidisha ujanja. Ukisikia dalali wako anasemwa hivyo, hesabu mzigo upya kabla ya kusaini.